Matembezi ya hisani pwani: anzeni na maji na gari, kilomita zitafuata

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuseme na wanandoa, na marafiki pia, wanaojiandaa kutembea kwa miguu mwambao wa pwani kuchangisha fedha za hisani huku gari la kulalia likiwafuata. Ni jambo jema na tunaliunga mkono kwa moyo wote. Nchi yetu imeshazoea mbio za hisani: NMB Marathon imechangia matibabu ya fistula kule hospitali ya CCBRT, na CRDB Marathon imechangia upasuaji wa moyo wa watoto pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI). Lakini mbio zile ni za asubuhi moja, juu ya lami iliyofungwa, na maji ya kunywa yako mezani kila baada ya kilomita chache. Wiki mbili au tatu za mchanga ni shughuli nyingine kabisa.

Mipango mingi tunayoombwa kuipitia ina kasoro ileile. Imeanza na ramani na kugawa kilomita: siku ya kwanza 25, siku ya pili 25, ya tatu kupumzika. Wales wana njia ya pwani ya kilomita 1,400, ilifunguliwa rasmi mwaka 2012, ina alama tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu wa kule anaweza kupanga kwa kilomita. Kwetu hakuna njia iliyowekewa alama. Njia yetu ni ule mchanga mgumu unaoachwa na maji yakipwa, nao unapatikana kwa saa chache tu za siku.

Kwa hiyo anzeni na mwezi. Siku ya 1 na ya 15 ya mwezi wa kuandama, mwandamo na mpevu, ndipo bamvua, yaani maji makubwa, linapoingia. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapo hukaribia mita 4, na katika mwambao wetu maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Hiyo ni zawadi kwa mtembeaji. Ukianza saa moja asubuhi, maji yanaondoka mbele yako. Una mchanga mgumu hadi saa saba mchana, na jua kali linakukuta umeshafika garini. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja, siku ya 7 au 8 ya mwezi huo, maji ni mafu: tofauti imeshuka hadi karibu mita 1, na wakati wa asubuhi unaoupenda ndio wakati maji yanajaa. Hayajai sana, lakini yanatosha kufunika mchanga mgumu na kukusukuma juu kwenye mchanga tifutifu.

Hapo ndipo hesabu ya kilomita inapovunjika. Juu ya mchanga mgumu mtu mwenye mkoba mdogo huenda kilomita 4 kwa saa. Juu ya mchanga tifutifu hata 2 na nusu ni taabu, na misuli ya nyuma ya mguu inakaza mapema. Mpango mzuri basi unakuwa na vipindi: siku tano au sita za bamvua mnatembea kilomita 15 hadi 18 kila siku, kisha siku za maji mafu mnapunguza hadi 8 au 10, mnafua, mnalihudumia gari, mnakutana na watu wa vijijini na viongozi wao. Msipange siku ya kupokelewa na mgeni rasmi kabla hamjatazama mwezi wa siku hiyo. Bandari huwa na majedwali ya kujaa na kupwa kwa mwaka mzima. Pateni nakala, mwandike saa za kupwa kando ya kila siku ya safari.

Majira nayo yana neno. Masika, Machi hadi Mei, yaacheni. Vijito vinafurika na barabara za udongo mweusi zinameza gari. Juni hadi Septemba ni wakati wa kusi, upepo utokao kusini, hewa ni ya baridi kidogo, na tunashauri mwelekeo uwe kutoka kusini kwenda kaskazini ili upepo uwe mgongoni. Ukienda kinyume chake, mchanga unapigwa usoni kutwa nzima. Kuna tahadhari moja: upepo wa mgongoni unaoenda kasi yako haukupozi, kwa hiyo mtu anatoka jasho bila kujitambua. Tena miezi hiyo jua la mchana linapita upande wa kaskazini, yaani mbele ya uso wako. Kofia iwe ya ukingo mpana pande zote. Ya kepu inaacha masikio na shingo. Lita 4 hadi 5 za maji kwa kila mtembeaji kwa siku ni lazima, na angalau lita moja iwe na chumvichumvi: pakiti moja ya ORS kwa lita moja, au vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Madafu yanasaidia sana, ila yasiwe ndiyo mpango, maana si kila kijiji utakuta mkwezi.

Sasa miguu. Wengi wanajiandaa kwa malengelenge tu na kusahau kwamba ufukwe umeinama. Ukienda kaskazini bahari iko kulia, kwa hiyo mguu wa kulia unakanyaga chini kuliko wa kushoto, hatua elfu kwa elfu, na siku ya tatu au ya nne goti na nyonga vinaanza kulalamika. Tiba yake ni kushuka chini kabisa maji yanapopwa, ambako mchanga ni tambarare, au kupanda kwenye vijia vya minazini kwa nusu saa kila baada ya saa mbili. Malengelenge yenyewe huletwa na mchanga na chumvi ndani ya soksi zaidi kuliko ugumu wa kiatu. Kila mkutanapo na gari vueni viatu, osheni miguu kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kausheni katikati ya vidole, vaeni soksi nyingine. Jozi tatu kwa kila mtu zinatosha kama moja inakauka juu ya mkoba. Sehemu za miamba ya matumbawe na majani bahari msipite peku wala kwa kandambili. Miiba ya urumba, kiumbe cha baharini chenye miiba mwili mzima, ikivunjikia ndani ya unyayo, safari imekwisha kwa wiki nzima.

Tuje kwenye gari, ambalo kwa maoni yetu ndilo linaloamua kama matembezi yatafika au hayatafika. Watu wengi hugeuza Hiace: viti vinatolewa, kinawekwa kitanda cha mbao cha urefu wa mita 1.9, chini yake maboksi ya vyombo. Ni gari zuri kwa kulala. Lakini Hiace nyingi husukumwa na tairi za nyuma tu, na uzito mkishaujaza unazidi nyuma, kwa hiyo mchangani zinachimba. Madumu manne ya lita 20 ya maji peke yake ni kilo 80. Yapangeni mbele, nyuma tu ya kiti cha dereva, si mlangoni nyuma. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ufungwe wima kwa mkanda, na meko ipikiwe nje. Kwa umeme, betri ya pili ya Ah 100 na sola ya wati 200 zinatosha kuchaji simu, taa na friji ndogo, mradi friji isiunganishwe na betri ya kuwashia gari. Hilo likifanyika mtaamka gari haliwaki.

Kabla ya kuingia mchangani, punguzeni upepo wa tairi. Kama barabarani mnatembea na PSI 40, shusheni hadi 20. Tairi inapanuka, inakanyaga eneo kubwa, haizami. Beba pampu ya kuchomeka kwenye betri na geji yake, maana mkirudi kwenye barabara ngumu lazima mjaze tena kabla ya kuongeza mwendo. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka. Gari likianza kuzama, dereva aondoe mguu kwenye mafuta papo hapo. Kukanyaga ndiko kunakochimba kaburi. Beleshi, mbao mbili za urefu wa mita moja, ubao mpana wa kuwekea jeki isizame, na kamba ya kuvutia: vitu hivi vinne visiwe chini ya magodoro.

Na msiegeshe chini ya mstari wa takataka za bahari. Ule mstari wa mwani mkavu, vipande vya vijiti na vifuu vya nazi unaonyesha maji yalipofika safari iliyopita, na siku za kuelekea bamvua yatafika juu zaidi ya hapo. Gari lililoegeshwa saa nane mchana mahali pakavu linaweza kuwa limezungukwa na maji ifikapo saa kumi. Mkifika penye maji ya bomba, osheni gari kwa chini, hasa mabomba ya breki na springi. Chumvi haina haraka, lakini haisamehi.

Nani anaendesha? Hapa tunatofautiana na wengi. Mume na mke na gari moja ni pungufu ya mtu mmoja. Wengine hutumia mtindo wa kurukiana: mmoja anasogeza gari kilomita 8, analiacha, anaanza kutembea, mwenzake anayekuja nyuma analikuta, analisogeza mbele, naye anaendelea kwa miguu. Kwa hesabu inavutia. Kwa pwani yetu inamaanisha gari lenye kila kitu chenu linakaa peke yake ufukweni nusu ya siku, na mtu mmoja anatembea peke yake sehemu isiyo na mtandao. Tafuteni dereva wa tatu, mtu wa pwani hasa, anayejua kuuliza njia na kukaa na wazee barazani. Mlipeni. Mkishindwa kabisa kumpata, basi mmoja aendeshe na mmoja atembee, mpokezane kwa siku, na mseme wazi kwa wachangiaji kwamba kila mmoja ametembea nusu.

Kanuni ya kukutana iwe moja na iandikwe kwenye karatasi mbili: mahali, saa, na saa ya mwisho. Mfano: chini ya mnara wa simu wa kijiji fulani, saa tano, ikifika saa sita na nusu watembeaji hawajaonekana, dereva anatuma mtu wa kijijini kwa pikipiki kurudi nyuma kwa njia ya ufukweni, yeye mwenyewe haondoki. Mambo huharibika pale ambapo wote wawili wanaanza kutafutana.

Tuchukue kipande kinachopendwa, Bagamoyo hadi Tanga, zaidi ya kilomita 150 hata ukinyoosha kamba juu ya ramani. Anayekipanga kwa kutazama picha za angani huona mstari mweupe wa mchanga na kudhani ni ufukwe mmoja. Muda mfupi tu baada ya Bagamoyo kuna mdomo wa Ruvu, kisha mikoko na mashamba ya chumvi, halafu mdomo wa Wami. Mito hii miwili haivukwi kwa miguu, si kwa kupwa wala kwa kujaa. Ina mamba na viboko, na tope la mikoko linashika mguu hadi gotini huku chaza walioshika kwenye mizizi wakikata ngozi kama wembe. Pandeni gari. Njia ya uhakika ni lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, kisha daraja la Wami, Mandera, Miono na Mkange hadi Saadani. Ni mzunguko mrefu. Mafuta yake yawekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Saadani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na wanyama hufika hadi ufukweni. Kutembea ndani yake ni kwa kibali na kwa kufuatana na askari wa hifadhi mwenye silaha, na kuna ada. Ombeni mapema kwa maandishi, mkitaja idadi ya watu, siku na gari. Kama kibali hakikupatikana, vukeni kwa gari na mwandike kwenye taarifa yenu kwamba kipande hicho hakikutembewa. Wachangiaji hawakasiriki kwa kilomita zilizorukwa kwa sababu ya simba. Wanakasirika wakigundua baadaye.

Kuanzia Mkwaja kwenda Kipumbwi na Ushongo ndiyo raha ya safari nzima: ufukwe mpana, minazi, vijiji vya wavuvi vinavyopokea wageni kwa uungwana. Vijito vidogo huvukika maji yakipwa kabisa. Vukieni mahali kijito kilipo kipana, si kilipo chembamba, kwa sababu penye upana maji huwa na kina kifupi na mwendo wa polepole. Pimeni kwa fimbo kila hatua, legezeni mikanda ya mkoba, na msivuke kama mvua imenyesha bara siku hiyo hata kama kwenu ni kweupe. Mkiwa na shaka, ngojeni mtumbwi. Bei ipatanwe kabla ya kupanda, na kila mtu avae jaketi la kuokolea; yabebwe garini tangu nyumbani maana wavuvi wengi hawana. Pale Pangani mnavuka kutoka Bweni kuingia mjini, na gari linavuka papo hapo, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujaza mafuta, kununua mboga na kulala siku mbili za maji mafu. Kutoka hapo hadi Kigombe na Tongoni mikoko inarudi, na barabara ya Tanga iko karibu. Msione aibu kuitumia. Tembeeni mkikabili magari, mavazi yenu yawe ya rangi kali.

Juu ya ruhusa hatutasema mengi, ila zisipokuwepo kila kitu kinasimama. Barua kwa ofisi ya mkuu wa wilaya kila wilaya mnayopita, nakala kwa polisi wa wilaya, na nakala mkononi kwa ajili ya kila mtendaji wa kijiji. Watu wageni wanaotembea ufukweni na mikoba alfajiri ni lazima waulizwe, na mwenye barua hujibu kwa dakika mbili. Kila kijiji sainini kitabu cha wageni na muulize pa kulala. Msichague wenyewe. Mahali pazuri penye kivuli na pasipo nyumba mara nyingi pana sababu yake: ni makaburi ya zamani, au ni mzimu, utaona vitambaa vyekundu na vyeupe vimefungwa kwenye mbuyu au mdomoni mwa pango. Uwanja wa shule au ubavuni mwa ofisi ya kijiji panatosha sana. Mavazi yawe ya heshima mnapopanda kutoka ufukweni kuingia kijijini, na Ijumaa mchana muziki wa gari uzimwe.

Limebaki la fedha, na hili ndilo linalotutia uchungu zaidi, kwa sababu watu wanachangia kwa imani. Fedha za safari na fedha za hisani zisikutane hata siku moja. Mafuta, chakula, dereva, ada za hifadhi, matengenezo ya gari: hayo mjilipie wenyewe au mtafute mfadhili anayejua kwamba analipia hayo. Michango ya wananchi iingie moja kwa moja kwenye akaunti au lipa namba ya hospitali, kituo cha afya au shule yenyewe, kwa jina lake, si kwa jina la mume wala la mke. Mkituma namba ya simu yenu binafsi, hata mkiwa waaminifu namna gani, hamtaweza kuthibitisha. Msitegemee ahadi za kiasi fulani kwa kila kilomita. Baada ya safari simu hazipokelewi. Mtu atoe kwanza, ndipo jina lake liandikwe ubavuni mwa gari.

Nendeni pia mkamuulize mganga mfawidhi au mwalimu mkuu anahitaji nini kabla ya kutangaza lengo. Mashine ya kutengeneza oksijeni ni kitu kikubwa, lakini kwenye zahanati ambayo umeme unakatika kutwa, bila betri na bila fundi wa kubadilisha vichujio, itafunikwa shuka kona moja. Kituo hichohicho pengine kinahitaji kitanda cha kujifungulia, tanki la lita 5,000 na mabomba ya kuvuna maji ya mvua, au magodoro ya wodi ya wazazi yanayofutika. Andikeni kitu hicho kwa jina na bei yake kwenye bango la gari, watu wataona wanachangia nini. Ndani ya mwezi mmoja baada ya kufika, bandikeni kwenye mbao za matangazo za vijiji mlivyopita karatasi moja: kilichoingia, kilichonunuliwa, stakabadhi zake, na kilomita zilizotembewa na zilizorukwa.

Kwako, Ndugu Mhariri, tuna ombi moja. Gazeti lako huchapisha hali ya hewa kila siku. Tunaomba pembeni yake muwe mnaweka saa za maji kujaa na kupwa za Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, hata kama ni mara moja kwa wiki, Jumamosi. Watembeaji watazitumia, na wavuvi, wakulima wa mwani na wazazi wanaopeleka watoto ufukweni Jumapili watazitumia zaidi.

Wasomaji wako,
Wasindikizaji wa matembezi ya hisani,
Tanga